Habari za Kupimwa Kinyama cha Titi



Mwezi huu nataka kuwaandikia neno ambalo kwa desturi zetu mwanamume halisemi mbele za watu, nalo ni habari ya uvimbe katika titi la mwanamke, na namna ya kuupima. Najua wako watakaosema, "Mwalimu amekosa haya." Mimi nami naliogopa hivyo hivyo kwa miaka mingi, na woga ule ulinigharimu. Lakini nimeona ya kuwa katika nyumba nyingi za Karatu mwanamke ndiye auguaye, na mwanamume ndiye ashikaye nauli. Asiyejua habari hii aweza kumzuia mkewe, au mamaye, au dada yake, asifike mahali pa kutibiwa, huku akidhani kwamba anamlinda. Kwa sababu hiyo naandika, na kina baba wasome kwanza.

Nitaanza na mama yetu. Mwaka 2006 aliona uvimbe katika titi lake la kushoto, mgumu, ukubwa wake kama yai la kuku wa kienyeji. Nikampeleka katika nyumba moja ya matibabu, ambayo sina haja ya kuitaja. Wakamkata ule uvimbe, wakashona kidonda, wakasema, "Mama, yamekwisha." Nalikuwa nimesimama mlangoni. Nalikiona kile kilichotolewa kikitiwa katika ndoo pamoja na pamba na vitambaa vyenye damu. Sikuuliza neno. Sikujua kwamba kuna neno la kuuliza. Tukarudi nyumbani kwa furaha, tukachinja mbuzi.

Haukupita mwaka na nusu uvimbe ukarudi mahali pale pale, ukafuatwa na mwingine kwapani. Mwaka 2008 mama akafa.

Hata leo hatujui kwa hakika alikufa kwa ugonjwa gani. Twadhani ilikuwa saratani, lakini hakuna mtu aliyekitazama kile kinyama. Na kwa kuwa jibu halikuwapo, kila mtu alileta jibu la kwake. Jirani mmoja alisema ni jicho la watu. Shangazi alisema ni maziwa yaliyoganda tangu alipokufa mtoto wetu wa mwisho. Na wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tulisema ni kisu: "Ule uvimbe ulikuwa umelala, wakauamsha." Nalilisema neno hili matangani, mbele ya ndugu wote. Basi neno hilo ndilo lililotaka kumwua dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka 4, naye ameolewa Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na ziwa la Eyasi. Mwaka 2023, wakati wa kung'oa vitunguu, alikuwa akioga jioni, mkono wake ukagusa kitu kigumu katika titi. Hakikuwa na maumivu. Akajiambia, "Kisichouma si ugonjwa," akanyamaza miezi mitatu. Ndipo alipomwambia mke wangu, akimwapisha asiseme. Mke wangu akakaa na siri ile siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Baba watoto, nimeapa nisiseme. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimemzika wifi yangu kwa mikono yangu."

Nikashuka Mang'ola, tukakaa barazani kwa shemeji yangu. Shemeji ni mtu mwema, mwenye bidii, wala hampigi mkewe wala hamnyimi kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji Mwalimu, mimi sikatai dawa. Vidonge nitanunua, hata nikiuza ng'ombe. Lakini chuma sitaki. Mama mkwe aliguswa na chuma, nasi tukamzika. Wewe mwenyewe ulituambia siku ile." Sikuwa na la kumjibu, maana alikuwa akinirudishia maneno yangu.

Dada akasema kwa sauti ndogo, "Mniache. Mniombee tu." Nikamwambia, "Tutakuombea, dada, hapa na njiani na huko tuendako. Lakini sala si nyumba ya kujifichia." Tukazungumza mpaka taa ikaishiwa mafuta. Mwisho tulikubaliana jambo moja dogo: twende tukaulize tu, tusikubali lolote kabla ya kuelewa.

Hospitali ya hapa Karatu walimpapasa titi na makwapa yote mawili, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Tukapanda basi alfajiri, sisi watatu, tukashuka ule mteremko wa Manyara huku ziwa likianza kung'aa chini yetu, tukapita Mto wa Mbu na Makuyuni. Dada hakusema neno njia nzima. Alishika kanga yake kifuani kama mtu mwenye baridi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo. Shemeji hakungoja, alimwuliza mara moja, "Daktari, je, si kweli kwamba chuma kikigusa uvimbe, ugonjwa hutawanyika mwilini? Maana mama mkwe wangu alikufa hivyo."

Yule daktari hakucheka wala hakukasirika. Alituuliza habari za mama, nami nikamweleza yote, hata ile ndoo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hebu fikiri. Mtu ameona moshi juu ya paa, akapanda ngazi kutazama, akaukuta moto. Je, ngazi ndiyo iliyouwasha? Mama yenu alikuwa na ugonjwa kabla ya kisu. Kosa halikuwa kumgusa. Kosa lilikuwa kumgusa bila kuuliza kile kilichotolewa ni kitu gani. Kama ilikuwa saratani, alihitaji matibabu mengine baada ya kisu, naye hakupewa, kwa sababu hakuna aliyejua."

Akaendelea kutuambia kwamba wenye elimu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ni nadra ugonjwa kuota katika njia ya sindano, na haikuonekana kwamba waliopimwa kwa sindano huishi muda mfupi kuliko wengine. Tena akatueleza asili ya hofu yetu. Wanawake walio wengi katika Tanzania hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Wanapimwa, na baada ya miezi wanakufa. Nao waliobaki nyumbani hukumbuka sindano, wala hawaikumbuki ile miaka ya kujificha iliyotangulia.

Nalitazama chini. Miaka 15 nalikuwa nimebeba neno la uongo, na kulifundisha.

Sasa nitawaeleza kipimo chenyewe, kama nilivyoelezwa na kama nilivyoona.

Jina lake ni biopsi. Daktari mmoja wa Ufaransa, Ernest Besnier, alilitunga neno hilo mwaka 1879 kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la uhai na moja la kutazama. Katika hospitali zetu watu husema "kuchukua kinyama", na maneno hayo yatosha. Sababu ya kukichukua ni hii: mkono waweza kuhisi uvimbe, na picha ya mashine yaweza kuuonyesha, lakini havitoshi kusema kwa hakika ni uvimbe wa namna gani. Maana katika titi huota mambo mengi. Kuna mifuko ya maji. Kuna jipu la mama anyonyeshaye. Kuna uvimbe wa wasichana uitwao fibroadenoma, usio saratani. Hata kifua kikuu chaweza kukaa katika titi. Na kuna saratani. Kila moja ya hayo ina matibabu yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Basi anayetaka kutibu kabla ya kujua ni kama mtu apandaye shamba usiku bila kujua mkononi ana mbegu gani.

Njia za kuchukua kinyama ni tatu. Ya kwanza ni sindano nyembamba, inayofyonza maji au chembe chache. Ni nyepesi na ya haraka, lakini mara nyingine haitoi habari yote. Ya pili ni sindano nene kidogo yenye tundu, inayokata vipande vyembamba kama punje ndefu za mchele. Siku hizi madaktari huipendelea hii pahali vifaa vilipo, maana hutoa nyama ya kutosha bila kumpasua mtu. Ya tatu ni kisu, nacho hukata sehemu ya uvimbe, au huutoa wote ikiwa ni mdogo. Pahali penye ultrasaundi, daktari huitazama picha huku akiongoza sindano, ili asikose shabaha.

Kabla ya kumpima dada yangu, walimwuliza maswali, na kila mgonjwa ayajibu kwa kweli hata asipoulizwa. Je, una mimba, au wanyonyesha? Je, kuna dawa iliyowahi kukudhuru mwilini? Je, wameza aspirini, au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Je, ukijikata damu hukawia kukatika? Na dawa za miti shamba zitajwe pia, bila haya, kwa sababu nyingine zaweza kuongeza kutoka damu. Lakini mtu asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe. Daktari ndiye atakayesema. Mwenye kupimwa kwa sindano na ganzi kwa kawaida aweza kula asubuhi. Mwenye kulazwa usingizi kwa kisu ataambiwa afunge.

Kisha wakaleta karatasi ya kutia sahihi. Hapo dada yangu alitetemeka, akasema, "Kumbe sasa wanalikata titi." Yule daktari akamwambia, "La, mama. Sahihi hii ni ya kuchukua kinyama tu. Kama kutakuwa na jambo lingine, tutakaa tena, tutazungumza tena, nawe utasema ndiyo au hapana." Nami nikaisoma karatasi ile neno kwa neno, nikamthibitishia.

Baadaye nalisoma kwamba haki hii haikuwapo siku zote, hata katika nchi tajiri. Zamani mwanamke wa Marekani alilazwa usingizi kwa ajili ya kupimwa, na ikiwa saratani ilionekana, alikatwa titi pale pale, akaamka hana. Mwaka 1974 mwandishi mmoja, Rose Kushner, aliona uvimbe wake, akahangaika kutafuta daktari atakayekubali kupima tu na kumwachia nafasi ya kufikiri. Aliendelea kulipigania jambo hilo kwa ajili ya wengine, na mwaka 1979 baraza la wataalamu wa nchi ile likashauri kwamba kupima kuwe siku yake, na kutibu kuwe siku yake. Basi dada zetu wajue kwamba kuuliza maswali kabla ya sahihi si ukaidi.

Dada aliingia, sisi tukabaki nje kwenye benchi. Shemeji alikuwa akihesabu vigae vya sakafu. Haikufika saa moja, dada akatoka akitembea mwenyewe. Tulipofika mahali pa kunywa chai akatusimulia.

"Walinilaza chali, mkono wangu juu ya kichwa. Wakapangusa kwa dawa ya baridi. Ile ganzi ndiyo iliyochoma, kama nyuki mmoja. Daktari akaipiga ile sindano hewani kwanza, nisikie mlio wake, nisishtuke: tak! Kama mtego wa panya. Kisha akaniuliza kama niko tayari. Nalisikia kusukumwa, wala si kukatwa. Mara 4. Halafu muuguzi akakandamiza mahali pale kwa nguvu kama dakika 10, huku akiniuliza bei ya vitunguu."

Shemeji akauliza, "Ni hayo tu?" Dada akasema, "Ni hayo tu. Nimezaa watoto 5. Hili si jambo la kusimulia." Ikawa mara ya kwanza siku ile kumwona akicheka.

Walimpa maagizo ya kurudi nayo. Kidonda asikiloweshe mpaka siku waliyomwambia. Asiinue ndoo wala gunia kwa siku mbili, wala asilime. Titi laweza kuvia damu na kugeuka rangi, nayo hutoweka baada ya siku kadhaa. Kwa maumivu ameze paracetamoli, wala si aspirini. Lakini akiona homa, au usaha, au damu isiyokatika akikandamiza, au uvimbe wa kidonda unaoongezeka, arudi upesi. Mama anyonyeshaye aulize. Mara nyingi aweza kuendelea kunyonyesha.

Sasa sikilizeni habari ya kichupa, maana ndiyo niliyotaka sana mwijue.

Vile vipande vilitiwa katika kichupa chenye dawa iitwayo formalini, izuiayo nyama isioze. Katika hospitali nyingi za nchi yetu hakuna maabara ya kutazama vinyama, na mara nyingine ndugu wa mgonjwa ndiye apewaye kichupa akipeleke katika mji mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Muuguzi aliyetukabidhi alikuwa mwangalifu. Akakisoma kichupa, akaisoma na karatasi, akasimama. Juu ya kichupa karani alikuwa ameandika jina la dada la nyumbani kwa baba. Katika karatasi lilikuwa jina la mumewe. Kwa macho ya mtu wa maabara hao ni wanawake wawili, nao wasiojulikana. Kama tungaliondoka hivyo, kinyama kingalifika pasipo mwenyewe, nasi tungalingoja jibu lisilokuja. Wakasahihisha pale pale.

Ndugu zangu, sisi watu wa huku tuna majina mengi: la ukoo, la ubatizo, la mume, na lile la kitambulisho lililoandikwa vibaya. Chagua moja, lile la kitambulisho chako au cha bima yako, ulitumie kila mahali. Kabla ya kuondoka soma kichupa na karatasi, vifanane herufi kwa herufi, pamoja na umri, upande wa titi, na nambari ya simu ambayo hupokewa. Asiyejua kusoma aombe asomewe. Na mchukuzi wa kichupa asikifungue, asimwage dawa ile na kutia maji, asikiache juani wala asikigandishe kwa barafu, wala asikiweke mahali watoto watakapofikia, maana formalini ni sumu.

Huko maabara kazi ni ndefu, na hii ndiyo sababu ya kungoja. Kinyama hukaa katika formalini muda wa saa nyingi hata kikaze. Hutolewa maji kwa spiriti, hutiwa katika nta iliyoyeyushwa, na ile nta ikishika hukatwa vipande vyembamba sana kuliko unywele. Hupakwa rangi mbili, moja ya samawati na moja nyekundu. Ile ya samawati asili yake ni moyo wa mti uotao Amerika ya Kati. Ndipo daktari wa maabara huvitazama kwa hadubini. Ikiwa ni saratani, kuna vipimo vingine juu ya kinyama kile kile, kuona kama ugonjwa hulishwa na homoni za mwili, na kama una wingi wa protini iitwayo HER2. Majibu hayo ndiyo yaonyeshayo dawa ipi itafaa. Kwa hiyo kinyama kilichotunzwa vibaya chapoteza habari nyingi.

Tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu. Na hapa ndipo tulipokaribia kushindwa. Wiki ya tatu ilipotimia, dada alisema, "Kidonda kimepona. Sioni haja ya kurudi. Kama ni baya, sitaki kujua." Naye shemeji, aliyeogopa chuma, sasa aliiogopa karatasi.

Nikawaambia, "Kuchukua kinyama si dawa. Ni swali tumeuliza. Mtu hapandi basi kwenda kuuliza swali, kisha akakimbia kabla hajajibiwa." Dada akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Mama hakupata jibu. Basi mimi nitaenda kulichukua, hata kama ni la sisi wawili."

Jibu lilikuwa saratani.

Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Mimi husomea watu wengi barua zao, nikaisoma na hii, herufi zote nikazijua. Lakini maana yake ilinipita. Naliogopa neno lisilo la kuogopwa, nikalipita lile kubwa bila kulitambua. Kwa hiyo nasema: karatasi ya kinyama asisome mwalimu, wala jirani, wala kijana mwenye simu. Isomwe na daktari, mgonjwa akiwa ameketi mbele yake pamoja na ndugu mmoja wa kusikiliza, maana moyo ukishtuka masikio hufunga.

Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ulikuwa bado mdogo, haukuonekana kwapani, na ulikuwa wa namna ilishwayo na homoni. Tukakaa, tukazungumza, dada akasema ndiyo kwa kinywa chake. Akafanyiwa upasuaji, akapewa dawa za mishipa, nywele zikaanguka zikaota tena. Sasa humeza kidonge kimoja kila siku, naye ataendelea hivyo kwa miaka, na huenda kutazamwa. Sisemi kwamba yamekwisha. Neno hilo nalilisikia zamani, nami siliamini tena. Nasema kwamba msimu uliopita alikuwa shambani mwake akipanga magunia na kuwagombeza vibarua.

Wala msidhani kila jibu ni kama lake. Binti wa jirani yetu, wa miaka 22, alimsikia dada akisimulia, akatoa siri yake, akaenda akapimwa. Jibu lake lilikuwa fibroadenoma. Alilia kwa furaha, maana alikuwa amekwisha kumwambia mchumba wake atafute mwingine. Katika Marekani, ambako wengi hupimwa mapema, kama wanawake 4 katika 5 wachukuliwao kinyama hukutwa hawana saratani. Kwetu hesabu si njema hivyo, kwa kuwa twachelewa. Lakini hata kwetu uvimbe si hukumu.

Kwa kumalizia, nawaomba myashike haya machache.

1. Uvimbe katika titi, au kwapani, au ngozi ya titi kuvutwa ndani, au chuchu kutoa damu, upelekwe kwa daktari, hata kama hauumi. Wanaume nao wana matiti. Saratani hii huwapata wachache wao, kama 1 katika wagonjwa 100.

2. Kinyama chochote kitolewacho mwilini, uliza: "Kinapelekwa wapi kutazamwa, na jibu lake nitalipata lini?" Ukiambiwa kimetupwa, jua kwamba kazi haijaisha.

3. Hesabu siku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianza mpango juu ya saratani ya titi, nao wataka kwamba tangu siku mgonjwa afikapo mara ya kwanza kwa mganga hata ajulikane ugonjwa wake zisipite siku 60. Andika tarehe ukutani. Siku uliyoambiwa ikipita, usingoje simu, nenda ukaulize.

4. Mara nyingine jibu ni kwamba kinyama hakikutosha. Usikate tamaa, hurudiwa. Na ukiambiwa hakuna saratani, lakini uvimbe ukazidi kukua, rudi.

5. Uliza gharama za kupima na za maabara kabla ya safari, na kama bima yako itazilipa, nauli isije ikaisha katikati ya njia.

6. Kwa sisi wa kaskazini, Hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina maabara ya vinyama na matibabu ya saratani. Mwanza iko Bugando. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1996. Lakini mwanzo wa njia ni zahanati yako au hospitali ya Karatu, omba barua.

Nami kwa kina baba wenzangu naongeza neno moja. Mkeo akikuambia, "Nimeona kitu," ujue amekaa nacho siku nyingi kabla hajathubutu kukuambia. Usimjibu, "Tutaona baada ya mavuno." Mwulize nauli ni kiasi gani.

Shemeji yangu siku hizi huwasimulia watu wa Mang'ola habari za ile ngazi na ule moto, huwasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. Simkatizi. Na aendelee.

Ndimi ndugu yenu, mwalimu, Karatu.